Kengele ya Msiba Usiokuwepo

Kengele ya usharika wetu si kengele. Ni kipande cha reli, urefu wake unanifika kifuani, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mwarobaini ulio nyuma ya kanisa letu hapa Nguvumali. Wageni wanaotoka sharika zenye minara na kengele za shaba hutucheka, nasi huwaacha wacheke mpaka waisikie. Ikipigwa na mtu anayeijua, sauti yake inafika mpaka mtaa wa Mabawa, na wanawake wanaokaanga samaki njiani wanajua saa bila kutazama simu. Mimi ninaijua. Nasema hivyo bila haya, na mke wangu akisoma hapa atasema nimeanza.

Niliirithi kwa baba. Baba aliteremka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, na kwenye shamba lile yeye ndiye aliyekuwa akipiga reli ya kuamsha watu. Alipostaafu akahamia mjini, na usharika ukampa kazi ile ile, safari hii kwa ajili ya Mungu. Alinifundisha kwa ukali. Kengele ya ibada hupigwa mapigo matatu ya haraka, unavuta pumzi, matatu tena. Jumamosi saa kumi na mbili jioni tunaipiga hivyo hivyo, kuwakumbusha watu kwamba kesho ni Jumapili, mwenye shati la kupiga pasi apige. Ya msiba ni pigo moja. Unasimama na nyundo mkononi mpaka mlio umekwisha wote kwenye chuma, ndipo unapiga la pili. Nikiharakisha, baba alikuwa ananitia kofi la kisogoni. Alisema wafiwa hawana haraka, kwa hiyo na mimi nisiwe nayo.

Basi tofauti hiyo ndogo, kati ya kuharakisha na kusubiri, ndiyo iliyoniangusha.

Wakati huo baba alikuwa amekwishafariki na mimi nilikuwa mpiga kengele kwa miaka mingi. Mchana nilikuwa fundi baiskeli Ngamiani, Jumapili nilikuwa sauti ya nne katika kwaya, na nilijiona mtu. Jumamosi moja rafiki yangu Mbondei alikuwa na sherehe ya mtoto nyumbani kwake, na palikuwa na tembo la mnazi, tamu, la siku hiyo hiyo. Nilianza kunywa saa saba mchana nikijiambia nitakunywa kikombe kimoja. Saa kumi na mbili ilipokaribia nikapanda baiskeli kwenda kanisani. Nilianguka mara mbili njiani, na mara zote mbili nililaumu baiskeli, ingawa ni mimi niliyekuwa nimeitengeneza.

Pigo la kwanza nililipiga vizuri. Kisha nikaegemea mwarobaini nipumzike kidogo, nikasikiliza ule mlio unavyopungua, macho yakanifumba. Nilipozinduka nikakumbuka nina kazi, nikapiga tena. Nikaegemea tena. Nilifanya hivyo mara saba au nane. Akilini mwangu ilikuwa kengele ya ibada iliyochelewa kidogo. Kwa usharika mzima ilikuwa kengele ya msiba, tena iliyopigwa kwa ufundi mkubwa.

Na kila mtu alijua ni msiba wa nani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kanisa, alikuwa akiishi bibi mmoja, mjane wa mwinjilisti, aliyewahi kuongoza kwaya ya wanawake kabla miguu haijamkatalia. Alikuwa na wiki mbili kitandani, na Jumapili iliyopita tulikuwa tumemwombea kwa sauti ile ambayo watu huombea mgonjwa waliyemkatia tamaa. Wanawake walijifunga kanga, wakavuka barabara wakilia. Viti vilikwishaanza kutolewa nje. Waliposukuma mlango wa chumbani walimkuta bibi ameketi, binti yake anamnywesha uji. Akawauliza nani amekufa.

Ingeishia hapo ingekuwa kichekesho, na mimi ningekuwa wa kwanza kukisimulia. Lakini kuna aliyekuwa amekwishampigia simu kijana mkubwa wa bibi, aliyekuwa Korogwe, akamwambia mama ametutoka. Mtu mzima yule alianguka kibarazani kwake, presha ikampanda, akalazwa siku mbili. Wazee wa kanisa wakaja kunitafuta wakiwa wamevimba kwa hasira.

Walinikuta nyumbani. Nilikuwa nimekwishaweka kichwa chini ya bomba na kutafuna majani ya mpera kuondoa harufu. Hawajamaliza kuuliza, mdomo wangu ukajibu wenyewe. Nilisema sikuwepo. Nilisema nilichelewa, nikakuta reli imeshapigwa, na kwamba lazima atakuwa mlinzi.

Mlinzi wa kanisa letu alikuwa Mpemba. Mwislamu kulinda kanisa hakukuwa ajabu kwetu. Alikuwa mwaminifu, alifagia uwanja hata ambapo hakuombwa, na Jumapili alikuwa akiwashikia mikono vikongwe kwenye ngazi. Jioni ile alikuwa ametoka kwenda kuswali magharibi, na hakuna aliyemwona akitoka wala mimi nikipiga. Uongo wangu ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa na akili ndani yake: mtu asiyejua mapigo yetu angeweza kweli kupiga polepole bila kujua anatangaza kifo. Wazee waliukubali. Mwenyekiti wao alikuwa msimamizi wangu wa ndoa, na nafikiri alisikia harufu ya mnazi, ila alipenda zaidi kuniamini.

Jumatatu mlinzi aliachishwa kazi. Mimi nilikuwepo. Aliulizwa mara moja tu, akasema hakuigusa reli. Hakuapa wala kupaza sauti. Alikunja mkeka wake wa kuswalia, akanipita karibu, akaniambia taratibu:

"Wewe wajua."

Nilipiga kengele wiki tatu zaidi. Kila nilipoinua nyundo nilisikia maneno hayo mawili, na mkono ukawa mzito. Wiki ya nne nilisema naumwa bega. Baadaye nikasema nina kazi nyingi. Mwisho sikusema chochote, nikawa siendi kanisani kabisa. Hakuna aliyenitenga, nilijitenga mwenyewe, na katika usharika wetu anayejitenga kwa muda mrefu huandikwa pamoja na waliotengwa: hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwenye kwaya, na siku akitaka kurudi lazima asimame mbele ya watu, kile tunachoita kurudi kundini. Mimi hilo neno lilikuwa linaniudhi. Nilimwambia mke wangu kwamba mimi si mbuzi. Akanijibu kwamba mbuzi hurudi mwenyewe jioni.

Ilipita miaka mitano. Nilikunywa zaidi, nikagombana na wateja, nikagombana na shemeji zangu wote kwa zamu. Mlinzi yule nilijua alipo. Alikuwa anauza kahawa Ngamiani, kwenye benchi lililo barabara ya tatu kutoka karakana yangu, na wazee wa mtaa wanacheza bao hapo. Mimi fundi baiskeli, ninayejua kila kichochoro cha Ngamiani, nilikuwa nazunguka barabara mbili nzima kila siku ili nisipite mbele ya birika la mtu. Nikiulizwa, nilisema njia ile ina mashimo.

Kitu kimoja kilikataa kuniacha. Aliyewekwa mahali pangu kwenye reli alikuwa mtu mwema kabisa, lakini alipiga kama anayewatoa wanafunzi mapumziko. Hakuvuta pumzi. Alipiga mapigo manne mahali pa matatu. Kila Jumapili nilikuwa kitandani, kichwa kinaniuma kwa mnazi wa jana, na nikisikia upuuzi ule nilikuwa nainuka na kufoka. Mke wangu, akifunga kilemba chake kwenda ibadani, aliniuliza siku moja inanihusu nini mtu niliyeacha kanisa. Nilivuta shuka nikajifunika kichwa. Leo jibu ninalo. Nilikuwa nimemkimbia Mungu kwa kila njia niliyoijua, na bado sikuweza kuvumilia nyumba yake iitiwe watu vibaya. Naamini kabisa kwamba hasira ile haikuwa yangu peke yangu. Wengine Mungu huwaongoza kwa ndoto. Mimi aliniongoza kwa kero, kwa kuwa ananijua nilivyo.

Mwaka juzi, baada ya mvua za masika, mke wangu alirudi kutoka kanisani akaniambia bibi ananiita. Bibi yule yule. Alikuwa ameishi miaka mitano zaidi ya msiba wake, amemzika hata daktari aliyekuwa amemkatia tamaa, ila sasa alikuwa amefika mwisho na yeye mwenyewe alisema hivyo. Nilivaa shati safi nikaenda. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti niliyolazimika kuinama kuisikia. Akamtoa binti yake chumbani.

Hakuzunguka. Aliniambia anataka mimi ndiye nimpigie kengele yake.

"Ulinipigia ya uongo," alisema. "Utanipigia na ya kweli."

Nilihisi chumba kinaniinamia. Nilijaribu kusema kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya mlinzi, na hapo bibi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejibu bila kusoma. Aliniambia kwamba alikuwa kitandani, ameketi hatua thelathini kutoka kwenye reli, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Mlinzi angepiga kama mtu anayepasua kuni. Yeye aliusikia mkono uliofundishwa na baba yangu, ukisubiri chuma kimalize, ila umelewa. Alijua tangu pigo la pili.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alinyamaza kwa kuwa mimi ni mtoto wao, wa milimani kama yeye, nimebatizwa mikononi mwa mumewe, na yule mlinzi alikuwa mtu wa kuja. Alisema amelibeba hilo miaka mitano na ameshalitubu kwa Mungu, lakini hana miguu ya kufika Ngamiani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika. Nililia na mimi. Sikuwa nimewahi kulia mbele ya mwanamke ila mama yangu.

Nilimwambia siwezi kumpigia kengele, maana siko kundini. Akasema basi nirudi, na nirudi upesi kwa sababu yeye hana siku nyingi. Akanipangia hata utaratibu. Nisianze kwa mchungaji.

"Mchungaji atakusamehe haraka, ndiyo kazi yake," alisema. "Anza kule ambako hujui utajibiwa nini."

Kesho yake niliiendesha baiskeli moja kwa moja, kupitia barabara yenye mashimo, ambayo kwa kweli haina hata shimo moja. Yule Mpemba alikuwa anapanga vikombe. Wazee watano walikuwa kwenye benchi, bao linaendelea. Alinitambua. Nilimwomba tusogee pembeni tuzungumze. Hakuinuka.

"Ulinizulia mbele za watu, yakhe," alisema. "Na uyaseme mbele za watu."

Bao likasimama. Nilisimama pale na grisi mikononi, mtu mzima mwenye mvi, nikawaeleza wazee watano wa Kiislamu niliokuwa siwajui kwamba nililewa, nikapiga kengele ya kifo kwa mtu aliye hai, nikamsingizia mtu asiye na kosa, akafukuzwa kazi. Nilisema vyote. Hakuna aliyenisaidia hata kwa kukohoa. Nilipomaliza niliomba msamaha, nikasema simdai anipe.

Mpemba alifuta kikombe kimoja muda mrefu. Akaniambia kwamba binti yake alikuwa anasoma hapo jirani na kanisa, na wenzake walimwita mtoto wa mtangaza maiti mpaka akamhamisha shule. Nilikuwa sijui hilo. Miaka yote nilikuwa nimedhani nimemnyang'anya mtu kazi, kumbe nilimharibia na mtoto. Kisha akasema:

"Kayaseme na kule ulikoyazulia. Ukishayasema, njoo unywe kahawa. Leo sikupi."

Niliondoka bila kahawa. Nitasema ukweli, njiani nilikasirika. Nilijiona nimejishusha vya kutosha. Nilifika mpaka kwenye kona ya kwenda kwa yule rafiki yangu wa mnazi, nikasimamisha baiskeli, mguu mmoja chini. Niliomba pale pale, sala fupi isiyo na adabu. Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka, kama bado ananitaka anishikie usukani. Sikusikia sauti yoyote. Nilijikuta tu nageuza baiskeli kuelekea kwa mchungaji, na tangu siku hiyo sijapita kona ile kwa shughuli hiyo.

Mchungaji wetu ni mwanamke kijana aliyeletwa baada ya mambo haya, kwa hiyo ilibidi nimsimulie tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, akaomba pamoja nami, akanitangazia msamaha wa Kristo kwa maneno yale yale ninayoyajua tangu kipaimara, na safari hii niliyasikia. Alinieleza kwamba Jumapili nitaulizwa maswali ya kawaida na kuitikia, wala si lazima nitaje kosa lenyewe. Nilimwambia kwangu ni lazima.

Jumapili hiyo tulikuwa wanne wa kurudi kundini, na mimi niliitwa wa mwisho. Niliitikia maswali. Kisha nikageuka nikawatazama watu na nikasema. Nilisema kwa sauti yangu ya nne, ya kufika mlangoni, maana nilitaka hata waliosimama nje wasikie. Nilipotaja mlinzi, mwenyekiti wa wazee aliinamisha kichwa. Mke wangu alikuwa benchi la tatu, na hakuinamisha chake. Alinitazama moja kwa moja mpaka mwisho. Watu wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, wengine wakinibana vidole kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, na walikuwa na haki.

Nimepata heshima kadhaa maishani. Nimeongoza sauti yangu kwenye mashindano ya kwaya, nimesomesha watoto, nimetengeneza baiskeli ambazo mafundi wengine walizitupa. Hakuna ninachojivunia kama asubuhi ile ya kusimama mbele za watu na kusema mimi ni mwongo. Najua inachekesha. Lakini ndivyo ninavyojisikia, na sitajifanya mnyenyekevu ili nipendeze. Neema haikunipata nimelala. Ilinipata, ikaniinua, ikanitembeza barabara zote nilizokuwa nazikwepa, na mimi nilitembea.

Jumatatu wazee wa kanisa walikwenda Ngamiani wakiongozwa na mwenyekiti. Sikwenda nao. Niliambiwa walikaa kwenye benchi lile karibu saa nzima, wakamwomba radhi na kumtaka arudi kazini. Alipokea radhi, kazi akaikataa. Alisema birika lake limeshamzoea.

Bibi aliaga dunia Alhamisi, alfajiri kulipokucha. Binti yake hakumpigia simu mtu yeyote. Alivuka barabara, akampita mpiga kengele wa siku hizi aliyekuwa anafungua kanisa, akapanda bodaboda mpaka kwangu. Nilifika kwenye mwarobaini na nyundo ya baba. Yule mwema wa mapigo manne alinipisha.

Nilipiga la kwanza, nikasubiri. Nilisubiri mpaka nikasikia kuku wa jirani, mpaka nikasikia pumzi yangu. Nikapiga la pili. Watu walianza kutoka majumbani, kanga zinafungwa, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza. Sikuharakisha hata mara moja. Kisogo changu kilikuwa kinamngoja baba, naye hakuona sababu ya kunipiga.

Nilipomaliza la mwisho na chuma kikanyamaza kabisa, niligeuka. Yule Mpemba alikuwa amesimama getini, kofia yake kichwani, birika mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Aliniambia ameisikia akiwa njiani kwenda kwenye benchi lake, na akajua. Alikuwa amekuja kuwapa wafiwa kahawa. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, mwenyekiti, mchungaji, wanakwaya, watoto wa bibi. Hakwenda kwao kwanza. Alichuchumaa pale pale chini ya reli, akamimina kikombe kimoja mpaka juu, akaninyooshea mbele ya watu wote.

Ilikuwa chungu na ya moto, na niliinywa nimesimama, nyundo bado mkononi.